Huyu mtu wa semina za AI na Pasifika aondolewe kabla sijafungwa jela

Mtabora_Ughaibuni (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka semina sasa hivi, nipo kwenye maegesho ya shule, gari sijawasha kwa sababu nikiwasha sijui nitalielekeza wapi.

Mlioko huku Auckland kusini, New Zealand, mnamjua. Simtaji. Yule wa soksi za mananasi. Yule anayejifunga kipaza sauti shavuni wakati chumba chenyewe ukipiga chafya waliokaa nyuma wanakuombea dua.

Mada ilikuwa akili mnemba (AI) na utamaduni wa Pasifika, yaani watu wa visiwa vya Pasifiki waishio huku, darasani. Nikaenda kwa moyo mweupe kabisa. Darasa langu limejaa Wasamoa na Watonga, kuna wa Niue, kuna wa Visiwa vya Cook, na Wiki ya Lugha ya Kisamoa iko mlangoni. Nikasema leo napata kitu.

Jamaa akaiandikia mashine: nitengenezee somo la Wiki ya Lugha ya Kisamoa. Kufumba na kufumbua, tayari. Akajipigia makofi MWENYEWE.

Sasa oneni kilichotokea ukutani. Binti kavaa sketi ya majani ya ngoma ya hula, hiyo Hawaii. Pembeni kijana katoa ulimi nje anapiga haka, hiyo ngoma ya Wamaori. Nyuma yao yamejipanga yale masanamu ya mawe ya Rapa Nui, Kisiwa cha Pasaka, ambako ukitoka Samoa unakula maelfu ya kilomita za maji matupu. Babu mmoja kavishwa ta'ovala, ule mkeka ambao Mtonga anajifunga KIUNONI kwa heshima, yeye kavishwa kichwani. Na juu ya yote, kwa maandishi ya dhahabu, salamu ya Kisamoa: MALO E LELEI.

Safu ya mbele alikaa mama mmoja Msamoa, msaidizi wa darasa, mtu mzima, katulia ndani ya puletasi yake, lile vazi la heshima la akina mama wa Kisamoa. Huyu mama ndiye anayewanoa watoto siva, ngoma ya Kisamoa, kwa ajili ya Polyfest, tamasha la ngoma la wanafunzi lililoanza 1976 kule Ōtara, soksi za mananasi hazijashonwa. Akanyoosha mkono. Akasema kwa upole, samahani mwanangu, hiyo ni salamu ya Watonga, sisi tunasema Talofa lava.

Jamaa akautazama ukuta. Akamtazama mama. Akautazama tena ukuta.

"Lakini mashine imesema."

LAKINI. MASHINE. IMESEMA.

Anamwambia Msamoa! Kuhusu salamu ya Kisamoa! Huko ni kumfundisha Mpemba kupanda mkarafuu, tena kwa picha ya mnazi. Mama akakaa. Akakunja karatasi zake mara mbili, akazitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Ile zipu niliisikia mpaka kwenye mifupa.

Halafu jamaa, ili apoze mambo, akanigeukia mimi. "Na wewe kaka wa visiwani, kwenu hii imekaaje?" Mimi mtu wa TABORA. Bahari nimeiona nina ndevu.

Wizara ya Elimu ya huku ina mwongozo wa walimu wa watoto wa Pasifiki, Tapasā, upo tangu 2018. Unataka mwalimu aanze na mtoto mwenyewe, familia yake na lugha yake. Jamaa aliuweka kwenye slaidi ya kwanza. Slaidi zilizobaki zote akaukalia.

Lakini mashine imesema. Jamani.

Nawasilisha.

Nyumbu_Msomi

Nimekaa paleee.

Bi_Mkubwa_wa_Manukau

Mimi nilijua ni yeye hata kabla ya soksi. Kwetu alikuja mwaka jana, kipindi hicho viatu vilikuwa na kasa. Akatuambia kitambaa cha gome la mti ni "tapa tu, wote sawa". Mwalimu wa Kitonga akamwambia kwao ni ngatu, wa Niue akasema hiapo, Mfiji akasema masi, Msamoa akasema siapo, na kila mmoja ana michoro yake na namna yake ya kuitia rangi. Akajibu "nitaiuliza". Aiulize nani? Wenyewe hao wamekaa mbele yako wanakula biskuti zako!

Kisiki_cha_Mpingo

Hii ni chai. Hakuna mtu mzima anayeweza kutamka hivyo mbele ya watu. Weka picha.

Mtabora_Ughaibuni

@Kisiki_cha_Mpingo nikupigie picha ya sauti? Katamka. Kwa kujiamini. Na kidole kauelekezea ukuta. "Lakini mashine imesema." Nikifumba macho nakiona kile kidole.

Mwl_Kande

Subirini kwanza. Semina ilikuwa na posho?

Mtabora_Ughaibuni

Huku hakuna posho. Tulipewa chai na biskuti.

Mwl_Kande

Semina siku nzima bila posho, halafu mtu anakuja kulia salamu za Kisamoa. Mkuu, hujui umeonewa wapi.

Pweza_Mkavu (Muscat)

Yakhe, wewe umelia leo, sisi tumelia tukanyamaza. Skuli yetu hapa ilitaka bango la siku ya mataifa, wakaiambia mashine ichore watoto wa Zanzibar. Ikaleta Mmasai na mkuki wake anavua pweza. Nyuma yake Mlima Kilimanjaro, na twiga anakunywa maji ya chumvi. Nikawambia hii si kwetu. Mwalimu wa kompyuta akanambia wewe umeondoka zamani, pengine pamebadilika.

PENGINE PAMEBADILIKA.

Nyumbu_Msomi

😂😂😂 Twiga wa Makunduchi

Shangazi_Porirua

Mimi nitasema ambacho hamtaki kusikia. Mashine haina kosa kubwa kama mnavyoipakazia. Nina Watonga na Watokelau darasani. Nilitoa aya ya Kitonga iliyoandikwa na mashine, nikaichapisha kwa nafasi kubwa kati ya mistari, nikawapa watoto waipeleke nyumbani na kalamu nyekundu. Mabibi walicheka mpaka wakalia. Karatasi zilirudi zimejaa wekundu: mistari ya juu ya irabu haipo, ile alama ya kukata sauti kooni imetupwa kokote, maneno ya kumwambia mwenzio yametumika kwa mfalme. Na Watonga kwa mfalme wana maneno yake maalumu, hata wakubwa wengine wana ya kwao. Watoto walijifunza kwa ile karatasi moja kuliko muhula mzima. Kitu nilichofanya ni kuwaweka mabibi juu ya mashine, siyo chini yake.

Huyo wa soksi shida yake si AI. Hata mngempa kamusi angempiga nayo mtu.

Jicho_la_Chongo

Kuna jambo mnalipita. Mashine imekula maandishi ya intaneti, na Kisamoa au Kitonga kwenye intaneti ni kijiko kimoja, Kiniue na Kitokelau ni harufu ya kijiko. Lazima ichanganye jirani na jirani. Wamaori waliliona hilo mapema. Te Hiku Media, redio ya kule Kaitaia, mwaka 2018 waliwaomba watu wao wasome sentensi kwa sauti. Wakapata zaidi ya saa 300 kwa siku 10, wakatengeneza mashine yao ya kusikia Kimaori, na makampuni ya nje yalipotaka sauti hizo wakakataa. Huyo jamaa yenu angeanzia Kaitaia.

Pia mwanzisha uzi, haka umeiweka sawa kuiondoa kwenye Pasifika, maana huku Wamaori ni wenyeji, hawahesabiwi humo. Ila Watonga wana Sipi Tau yao na Wasamoa wana Siva Tau, ngoma zao za vita kabla ya mechi, kwa hiyo usije ukaona mtu anajipiga kifua uwanjani ukapiga kelele kwamba ni kosa.

Mtabora_Ughaibuni

Yule kijana wa ukutani alikuwa na alama za usoni za Kimaori, kaka. Usinifundishe na wewe. Utasema mashine imesema.

Kalamu_ya_Eldy

Pole sana mwalimu. Lakini nina swali moja dogo. Mama alisimama akasema ukweli, akajibiwa hivyo, akakaa. Wewe ulifanya nini?

Mtabora_Ughaibuni

Nilikohoa.

Kalamu_ya_Eldy

Ulikohoa.

Mtabora_Ughaibuni

Nilikohoa kwa nguvu. Kila mtu alielewa.

Nyumbu_Msomi

Wakuu tumpe heshima zake, Mzee Kikohozi, mkombozi wa Pasifiki 😂😂

Bi_Mkubwa_wa_Manukau

Serikali yenyewe iliomba radhi 2021 kwa ile misako ya alfajiri ya miaka ya 70, polisi waligonga milango ya watu wa visiwani kabla hakujapambazuka, wakisaka waliopitiliza viza. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ardern, alikaa chini, wakamfunika mkeka mzuri, wakaufunua, ndiyo desturi ya Kisamoa ya kuomba msamaha na kusamehewa. Huyu wetu amekoholewa.

Kisiki_cha_Mpingo

Mimi bado nasema chai. Tena uzi wenyewe umeandikwa na AI. Angalia aya zilivyopangwa.

Mtabora_Ughaibuni

AI ingejua Tabora haina bahari.

Pweza_Mkavu

Ingeweka twiga.

Kalamu_ya_Eldy

Sisi Kenya hata hatufiki huko kwa utamaduni. Mtoto wa gredi ya nne anapewa mradi atengeneze ala ya muziki ya jamii yake. Mzazi anaamka saa tano usiku anatafuta kibuyu, mtoto amelala. Siku hizi wameacha kibuyu, wanaleta picha ya AI ya kibuyu. Na nyuzi ni gita. Ukisema hii si yako unaambiwa "mwalimu, nilifanya utafiti". Nina rundo hapa mezani la kusahihisha na wote, WOTE, wameandika "zaidi ya hayo".

Mwl_Kande

Afadhali nyie mna hata hiyo AI. Sisi tuligawiwa vishikwambi vya sensa ya 2022. Changu kilikuja bado kinaniuliza kaya ina watu wangapi. Nikimfundisha mtoto sehemu, chenyewe kinataka kujua tunatumia choo cha aina gani.

Nyumbu_Msomi

😂😂😂😂 uzi umefungwa, Kande kashinda

Mwl_Kande

Siyo kichekesho. Na posho ya kukipokea hatujapata.

Shangazi_Porirua

Rudini kwenye mada. Sensa ya 2023 huku inaonyesha watu wa Pasifiki ni zaidi ya 440,000, karibu nusu yao Wasamoa. Watu wote hao, na shule inakosa mmoja wa kulipwa aisome slaidi kabla haijapanda ukutani? Yule mama analipwa kiasi gani kwa saa? Na soksi analipwa kiasi gani?

Mtabora_Ughaibuni

@Shangazi_Porirua hapo umegusa donda. Siva ya Polyfest anafundisha baada ya saa za kazi, bure. Halafu mtu aliyelipwa anamwambia lakini mashine im

Sitaki hata kumalizia.

Mtumwa_wa_Ripoti (Hamilton)

Samahani kuingilia. Mimi ni Mkongo, watu wa shule yangu ripoti wanaandika na mashine sasa. Mtoto wangu ameitwa "furaha kuwa naye darasani". Huyu mtoto anaumaga wenzake! Amefukuzwa mara mbili kwa kuuma!

Bi_Mkubwa_wa_Manukau

Wangu nilipewa ripoti yenye jina la mtoto mwingine. Kumbe afadhali, alama zilikuwa nzuri.

Kipepeo_Mzito

Jamani mimi nimehamia Auckland juzi, niko kwenye uzi huu kwa kupotea. Magimbi wapi bei nafuu?

Bi_Mkubwa_wa_Manukau

Soko la Ōtara, Jumamosi, uende alfajiri. Ukichelewa utakuta wazee wa Kisamoa wamechagua yote mazuri na wanakutazama.

Kipepeo_Mzito

Shukrani. Na shelisheli?

Shangazi_Porirua

Ya barafu, kwenye maduka ya visiwani. Usitarajie ya Unguja.

Pweza_Mkavu

Hakuna ya Unguja popote.

Mwl_Kande

Dagaa je? Nina shemeji huko anaomba nimtumie.

Bi_Mkubwa_wa_Manukau

Atangaze kila kitu kwenye fomu, hata punje. Watu wa uwanja wa ndege wa huku hawana utani, kuna mbwa ananusa mpaka dhamira.

Kipepeo_Mzito

Mimi walichukua asali. Lita mbili.

Mtabora_Ughaibuni

Asali ya wapi?

Kipepeo_Mzito

Sikonge.

Mtabora_Ughaibuni

Asali ya Sikonge wameitupa kwenye PIPA? Wakuu subirini, nafungua uzi mwingine.