Fundo ya Prusik inaweza kuaminika ukiwa juu ya muti?

Mukata_Matawi_Himbi
Jambo kwenu bandugu. Niko Goma, nakata matawi mu parseli za batu, zaidi avoka na mikaritusi. Mbele nilikuwa napanda na mikono tu, sasa niko na mukaba na kamba, fundo ya Prusik (kakamba kanazungushwa juu ya kamba kubwa, unakasukuma kanapanda, ukikakalia kanakamata) njo inanishika. Juzi nimefika kama meta 6, nikakalia mukaba, fundo ikateleza urefu wa mukono muzima kisha ikakamata. Chini ni mawe ya volkano tupu, munajua vile inakata, nilitetemeka mupaka nikashuka. Kakamba ya fundo na kamba kubwa ziko unene moja, milimeta 11, nilizungusha mara 2. Niko na batoto batatu. Niiamini ao niiache?

Muzee_wa_Kadutu
Pole sana kaka. Usiiache, irekebishe. Prusik inakamata juu kakamba kembamba kanabana kamba nene na kuikunja kidogo, sasa zikiwa sawasawa itakunja nini? Tafuta milimeta 8 kwa hiyo ya 11, zungusha mara 3, ikiteleza bado weka 4. Kisha ipange, kila muzunguko ulale kando ya mwenzake bila kupandana, uikaze na mikono MBELE ya kuikalia. Karl Prusik wa Austria aliionyesha bapanda milima mu 1931, tangu pale batu banaikalia. Na kama kako ni ya plastiki ya soko, ile polipropilini, tupa leo: inayeyuka kwa digri kama 160, ukishuka mbio msuguano peke yake unaiunguza. Nailoni inavumilia kupita 200 lakini nayo shuka polepole.

Dada_Katindo
Naongeza kitu yenye batu banasahau, mukono. Ukiteleza mwili unataka kushika fundo kwa nguvu, na ukiibana juu yake unaivuta chini pamoja na wewe, haikamate tena, ni vile vile tunaishusha kwa makusudi. Jizoeze kuachilia, nusu meta toka chini, mara nyingi, mupaka mukono uzoee. Na kila mara unawasha tronsoneze, ule msumeno wa moteri, weka kamba ya pili kuzunguka shina, juu kamba yenye imekazwa msumeno ukiigusa tu imekwisha, hapo hata fundo nzuri kabisa haitakusaidia. Tafazali kaka fanya vile.

Mukata_Matawi_Himbi
Aksanti sana muzee, aksanti dada. Nimepata ya 8, nailoni, nimezungusha 3, nikaning'inia chini kabisa nikaruka-ruka ndani ya mukaba, haikusogea. Halafu nikachunguza ile ya zamani kwenye jua: pale ilikuwa inakamata imekuwa ngumu na inang'aa, ukiikunja inalia kama plastiki kavu. Nimeikata vipande vipande mutu asiichukue.