Sungura mwenye ngiri: bwana mifugo apasue, au asubiriwe daktari?

Binti Shangani: Wadau wa Mtwara, jirani yangu ana sungura dume, kipenzi cha wanawe. Ametoka uvimbe kitovuni, ukiubonyeza unarudi ndani. Bwana mifugo wa kata anasema atampasua pale pale uani. Wengine wanadai haruhusiwi. Mnasemaje?

Mzee wa Korosho: Kitoweo hicho. Mnajadili nini?

Daktari Mstaafu: Mzee wangu, watoto wameshampa jina, hapo huchinji kitu. Binti, uvimbe unaorudi ndani hauna haraka. Mara nyingi ni mafuta tu. Ukiwa mgumu, ukagoma kurudi, sungura akaacha kula na kunya, basi utumbo umebanwa na huna siku ya kusubiri.

Kushona ukuta wa tumbo si kazi ya kutisha. Kinachoua sungura ni nusu kaputi. Mapafu yake madogo, mwili hupoa upesi. Mbwa tunamlaza njaa kabla ya kupasuliwa. Sungura usithubutu, kwani hawezi kutapika na matumbo yake yakisimama amekwisha. Akizinduka apewe dawa ya maumivu na majani mapema. Na ile amoksilini ya kunywa iliyobaki kabatini msimpe, inaua bakteria wanaomsagia chakula. Haya bwana mifugo wengi hawakufundishwa, na Sheria ya Veterinari ya 2003 inawataka wasaidizi wafanye kazi chini ya daktari aliyesajiliwa. Mimi nasimama hapo.

Mama Newala: Shikamoo daktari. Huko mjini sawa. Huku daktari humpati siku unayomtaka, na bwana mifugo ndiye anayetuhasia mbuzi. Utumbo uoze tukisubiri cheti?

Daktari Mstaafu: Marahaba mama. Mbuzi anabanwa kwa burdizo, lile koleo la kuhasia, hata ngozi haichanwi. Kufungua tumbo ni habari nyingine. Daktari akikosekana kabisa na utumbo umebanwa, mnyama asiteswe, achinjwe. Hapo Mzee wa Korosho kanishinda, ila kama keshachomwa dawa asimle.

Mzee wa Korosho: Nimesikia.

Binti Shangani: Akishonwa akapona, apandishwe? Kuna mtu anataka mbegu yake.

Daktari Mstaafu: Hapana, ngiri ya kitovu yaweza kurithiwa. Ahasiwe akiwa bado usingizini, na daktari azibe mifereji ya kinena, njia ambazo korodani hupitia kutoka tumboni. Ya sungura hubaki wazi maisha yote. Ikiachwa, utumbo waweza kushukia huko.