Mrejesho: Ile Rolex ya mzee

Wakuu, niliuliza jinsi ya kumnunulia mzee saa ya mkononi, Rolex Submariner, dukani kwa bei yake halali.

Muuzaji wa Dubai alijibu kistaarabu: jina limeandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri, ila ile orodha si foleni. Saa ikifika, anaamua yeye nani apewe, na wateja wake wa siku zote ndio wanaotangulia. Imenikera kweli, hela unayo, bado ubembeleze! Walanguzi wanayo, ila bei imepaa.

Nimechukua saa nyingine, Tudor Black Bay 58. Mwanzilishi ni yuleyule wa Rolex, Hans Wilsdorf, na inahimili maji mita 200, wakati Ziwa Victoria lenyewe halifiki mita 100. Jana mzee alikuwa mwaloni Kirumba, anamwonyesha kila mvuvi ule mshale wa saa wenye kichwa cha mraba.

Jina langu kwenye orodha sijalitoa.