Wapiga picha za nyota: bila rimoti yenye taima, muda mnauhesabuje? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, kamera nyingi zenyewe huacha shata (kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia) wazi kwa sekunde 30 tu. Ukitaka zaidi unahamia B (bulb), shata inabaki wazi mpaka uiachie, saa ni shauri lako. Mimi taima ya simu naiweka kwenye mtetemo, simu inakaa mfukoni, ikitetemeka, nafunga. Macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na kioo cha simu ukikichungulia mara moja tu unaanza upya. Wenzangu mnafanyaje?

Mdau wa 1
Kwa mdomo. "Elfu moja na moja, elfu moja na mbili..." Jipime kwanza na saa ya ukutani, maana wengi tunakimbia. Kwa dakika moja inatosha. Zaidi ya hapo mtu akikusemesha umepotea.

Mdau wa 2
Nilijirekodi sauti: "fungua", kisha kila nusu dakika nataja muda, sekunde kumi za mwisho nahesabu kurudi nyuma, "funga". Nina rekodi ya dakika 2, ya 4 na ya 8. Kila moja ni mara mbili ya iliyotangulia, kwa hiyo nikiruka kwenda inayofuata nimeongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, hesabu imeisha. Nasikiliza kwa sikio moja. La pili liko kazini, usiku una mengi.

Mdau wa 3
Mnaongelea saa, kidole je? Ukikandamiza kitufe dakika 4 lazima kamera itikisike. Mimi naweka kokoto dogo juu ya kitufe, tayari kubanwa na rababendi pana. Lenzi naiziba na kadibodi nyeusi bila kuigusa, ndipo nabana kokoto. Nasubiri kamera itulie, naondoa kadibodi, hapo ndipo naanza kuhesabu. Muda ukifika narudisha kadibodi kwanza, rababendi baadaye. Shata ikichelewa kufunga hainihusu.

Mleta mada
Hiyo ya kadibodi nimeibeba, mkuu.

Mdau wa 4
Mnajitesa bure. Kwenye dakika 4, sekunde 10 za ziada ni kama asilimia 4 ya mwanga, nani ataiona? Kazi ni kujua unahitaji dakika ngapi. Piga ya majaribio kwa ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 6400, sekunde 15. Ikikaa vizuri, kwa ISO 400 na tundu lilelile la lenzi ni dakika 4. Basi, hata ukihesabu kwa kuimba.

Mdau wa 5
Swali dogo: nikifunga, kamera inagoma kwa muda uleule niliopigia. Mbovu?

Mdau wa 4
Nzima kabisa. Inapiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa, ili itoe chenga za joto kwenye ile ya kwanza. Kwa picha moja iache kazi hiyo iendelee. Ukipiga mfululizo wa kuunganisha mistari ya nyota, izime kwenye menyu, la sivyo mistari itatoka na mapengo.