Koneksio ya sekretaria hapa Bukavu: ruta ya 4G, antena ya paa au sahani ya seteliti?

MamaNyawera
Jambo wandugu. Nina sekretaria Nyawera, komini ya Ibanda. Tunafanya fotokopi, tunachapa kazi za wanafunzi, tunaskani vyeti na kutuma maombi ya kazi na ya viza. Kompyuta ni nne, na jioni watu wanaomba Wi-Fi. Nimeletewa ofa tatu, zote zimejaa maneno nisiyoyajua.

Ya kwanza ni ruta ya 4G, "hadi mega 40, bila kikomo". Ya pili ni antena ndogo ya paani inayotazama mnara wao ng'ambo ya bonde, "mega 10, 1:1, IP ya umma". Ya tatu ni sahani, "VSAT, bendi ya Ku, mega 20, 1:10". Muuzaji wa 4G ananiuliza kwa nini nilipie 10 wakati yeye ananipa 40. Mwaka jana niliamini namba za namna hiyo. Kijana mmoja alikuwa anatuma maombi ya ufadhili wa masomo, saa ya mwisho ikapita faili likiwa limekwama njiani, mimi nimesimama nyuma yake. Sitaki irudi tena. Nielezeni maneno, majina ya kampuni yaacheni.

FundiWaPaa
Jambo mama. Tuanze na hiyo mega. Mega ya muuzaji ni megabiti kwa sekunde, mega ya faili lako ni megabaiti. Baiti moja ina biti nane, basi gawanya kwa nane: mega 20 za karatasi ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, tena pale ambapo hakuna mwingine njiani.

Halafu neno "hadi". Mnara wa 4G unagawia simu zote za kartie (mtaa) debi ileile, yaani wingi uleule wa data kwa sekunde. Alfajiri utaziona hizo 40. Saa moja jioni, Nyawera ikiwa imejaa watu, hutaziona. Ile 1:10 ya sahani inasema jambo hilohilo waziwazi: wateja kumi kwenye mega 20, wote wakivuta pamoja kila mmoja anabaki na 2. Na 1:1 maana yake mega 10 hazigawanywi na mteja mwingine. Kwa hiyo 10 inaweza kuipita 40 saa ileile unayoihitaji.

Muulize kila muuzaji: kupandisha ni ngapi? Wanatangaza kushusha tu, na kazi yako wewe ni kupandisha. Faili la megabaiti 30 kwa mega 4 za kupandisha linachukua dakika moja. Kwa mega 1 ni dakika nne, na tovuti nyingine zinakata kabla. Naamini yule kijana aliangukia hapo.

MzeeRedio
Fundi amesema vema, lakini debi siyo mwendo. Chukueni ziwa letu. Boti kubwa inaondoka hapa jioni na kufika Goma asubuhi, imebeba magunia kwa mamia. Kanoti ya kasi inafika kwa saa chache na watu wake wachache. Debi ni wingi wa magunia. Ucheleweshaji ni muda wa safari, na tunaupima kwa milisekunde, elfu moja zinafanya sekunde.

VSAT, yaani sahani ndogo ya seteliti, ile ya kawaida inaongea na seteliti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka: jumla kama kilomita 143,000. Mawimbi yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, basi karibu nusu sekunde imekwisha kabla ya mashine yoyote kufanya kazi. Hilo hakuna muuzaji wa kulipunguza, hata akikuuzia mega 100. Fomu ya viza inayouliza na kujibu mara ishirini inakuwa mateso, na kwenye simu ya video mnakatizana maneno.

Seteliti za chini, zile za kilomita 550 hivi, ni habari nyingine kabisa, ucheleweshaji wake unakaribia wa nchi kavu. Usikubali neno "seteliti" peke yake. Uliza iko juu kiasi gani.

Na faiba, kwa kulinganisha: ndani ya kioo mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Mombasa, ambako nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, ni kilomita 1,200 na kidogo kwa mstari ulionyooka. Hiyo ni milisekunde 6 za kwenda. Njia halisi inazunguka na ruta zinaongeza, lakini haikaribii 500. Antena ya paani haina haja ya kwenda angani. Muulize tu mwenye mnara: nyuma ya mnara wenu kuna faiba au kuna sahani? Kama ni sahani, umenunua VSAT kwa mlango wa nyuma.

MwanafunziKadutu
Mzee, aksanti kwa hesabu, ila msiiangushe 4G hivyo. Kazi yangu yote ya mwisho wa masomo niliiandika kwa ruta ya 4G, Kadutu. Delestaji ikija, yaani umeme ukikatwa kwa zamu, betri ndogo inaishikilia usiku mzima. Sahani inataka betri kubwa. Kilichoniumiza ni "bila kikomo". Kikomo kilikuwepo: nikishavuka kiasi fulani debi ilishushwa hadi kurasa hazifunguki. Mama, uliza ni gigabaiti ngapi, na baada ya hapo inashuka hadi ngapi. Akuandikie.

DadaMuhumba
Mimi niko upande wa ziwa, natazama Rwanda. Siku moja ruta yangu iliacha mnara wa hapa ikashika wa ng'ambo, forfe (kifurushi changu cha data) ikaisha kabla ya adhuhuri. Hiyo ndiyo roming: kadi yako inalala kwenye rezo (mtandao wa simu) ya nchi nyingine na bei inakuwa ya mgeni. Zima data ya roming, kisha chagua rezo kwa mkono. Ukiona namba badala ya jina, inayoanza na 630 ni ya Kongo, 635 ni ya Rwanda. Kama uko ghorofani, usiache kuangalia.

MamaNyawera
Aksanti sana. Mtu wa antena amekuja leo, amepanda juu, amesema mnara anauona "katikati ya miavokado". Inatosha? Na hiyo IP ya umma ninaihitaji? Kuna pia mahali wameandika ISP, nikafikiri ni Institut Supérieur Pédagogique.

FundiWaPaa
Hapa kwetu herufi hizo ni za chuo, mama, ni haki yako. Kwenye karatasi ni mtoa huduma wa intaneti, ambaye kwa Kifaransa wanamwandika FAI.

IP ya umma ni anwani ambayo mtu wa nje anaweza kuigongea hodi. Kwenye 4G mara nyingi wateja wengi wamefichwa nyuma ya anwani moja. Ukiona anwani ya ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, ujue uko humo. Kwa kutuma faili haidhuru kitu. Ungeihitaji kama una kamera dukani na unataka kuitazama moja kwa moja ukiwa nyumbani.

Miavokado, hapana. Mawimbi hayapiti kama uzi, yanapita kama mpira mrefu uliovimba katikati. Kwa mfano, kwa kilomita 3 na masafa ya gigahezi 5.8, katikati ya njia unahitaji kama mita 6 tupu kila upande. Jani lenye maji linayanywa. Ainue mlingoti au atafute mnara mwingine. Na kama njia inapita juu ya ziwa, mawimbi yanadunda kwenye maji na kujigonga yenyewe, urefu wa antena lazima ujaribiwe.

Halafu radi. Kabare, jirani zetu hapo, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mlingoti bila waya wa ardhini na kizuia radi, usilipe hata dola moja.

MzeeRedio
Nongeze mvua. Kwa gigahezi 5.8 na umbali mfupi hivyo mvua haisumbui sana. Bendi ya Ku, gigahezi 12 hadi 14, inadhoofika vibaya mvua kubwa ikipiga, na sisi tuna miezi ya mvua karibu tisa.

MamaNyawera
Nimewapigia. Nyuma ya mnara kuna faiba, kupandisha ni mega 10 sawa na kushusha. Wamekubali kuinua mlingoti na kuniachia siku tatu za majaribio kabla ya kulipa. Ruta ya 4G nitanunua ndogo ya akiba. Nipime vipi?

FundiWaPaa
Fungua dirisha la amri, tuma ping 200 (ping ni ujumbe mdogo unaokwenda na kurudi ili kupima njia) asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni. Andika mambo matatu: wastani wa milisekunde, ya juu kabisa, na pakiti ngapi zimepotea. Zikipotea zaidi ya mbili au tatu kati ya 200, mwite arudi paani. Kisha skani cheti halisi, utume kwako mwenyewe saa moja jioni, Wi-Fi ya wateja ikiwa wazi.