Ann Landers au Dan Savage: yupi aligusa watu zaidi?

Kalamu_Tulivu: Wakuu, salaam. Naandaa makala kuhusu mwandishi wa safu ya ushauri aliyegeuka mwanaharakati, na nafasi ni ya mtu mmoja tu. Nimebaki na Wamarekani wawili. Wa kwanza ni Ann Landers, jina la kalamu la Eppie Lederer, aliyeishika safu hiyo Chicago Sun-Times mwaka 1955 na kuendelea nayo hadi alipofariki 2002. Wa pili ni Dan Savage, aliyeanza "Savage Love" mwaka 1991 katika The Stranger, gazeti la Seattle. Kwa kusomwa, mama anaongoza mbali, maana safu yake ilitoka kwenye magazeti zaidi ya 1,000. Ila kusomwa na wengi si kusikilizwa. Mnasemaje?

Mzee_wa_Magazeti: Landers, tena bila kusita. Mwaka 1971 mswada wa kupambana na saratani ulipokuwa Bungeni, aliwaomba wasomaji wawaandikie maseneta wao. Barua zilimiminika kwa mamia ya maelfu, na Desemba mwaka huohuo Nixon akausaini ukawa sheria. Niambie mwandishi gani wa siasa aliyewahi kupata itikio la namna hiyo!

Na walimwitikia kwa sababu hakuwaficha. Ndoa yake ya miaka 36 ilipovunjika 1975, yeye aliyekuwa akishauri wanandoa kila siku aliwaeleza wasomaji waziwazi, kisha akawaomba wahariri waiache tupu sehemu ya chini ya safu kwa heshima ya ndoa hiyo. Hebu fikiria kufungua gazeti ukakuta pale hakuna hata neno.

Binti_Sauti: Shikamoo mzee, hapo umenigusa. Lakini mimi nasimama na Savage. Mwaka 2010 vijana kadhaa waliokuwa wakionewa kwa kuwa mashoga, au kwa kudhaniwa hivyo, walijiua. Yeye na mumewe, Terry Miller, wakaketi mbele ya kamera, wakasimulia walivyoteswa shuleni na jinsi maisha yalivyokuja kuwa mazuri, wakaiweka video YouTube. Shule nyingi zisingewakaribisha kusema hayo, na wao hawakungoja ruhusa. Maelfu ya watu wakafuata na video zao, Rais Obama akiwemo. Wa Landers waliandikia wakubwa. Wa Savage walizungumza na mtoto mwenyewe.

Pwani_Kavu: Kweli, ila Savage ana ulimi mkali. Mwaka 2012, kwenye kongamano la wanafunzi waandishi wa habari huko Seattle, aliishambulia Biblia, baadhi wakatoka ukumbini, naye akawakejeli. Baadaye aliomba radhi kwa kejeli hiyo. Hata miongoni mwa anaowatetea wapo waliochoshwa na kauli zake. Ukimchagua, yaandike hayo pia.

Msomaji_Mpya: Mnajua kwamba Landers alipofariki, Savage alinunua meza yake ya kuandikia mnadani?

Kalamu_Tulivu: Marahaba binti, na ahsanteni nyote. Namchukua Landers, kwa kuwa kutoka safu yake hadi sheria njia inaonekana wazi.

Binti_Sauti: Sikubaliani nawe, kaka. Kijana aliyeghairi kujiua baada ya kutazama video haandikwi kwenye sheria yoyote. Mpe Savage walau aya mbili.