Mwani wa waridi umeganda kwenye tangi la maji chumvi, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina tangi la lita 200 la maji chumvi, samaki watupu, hakuna matumbawe. Ule mwani mgumu kama chokaa, wa waridi, umefunika vioo hadi pampu ikakwama. Pampu niliiloweka kwenye siki, ikatakata. Vioo nakwangua kwa wembe, ila upande mmoja ni akriliki (plastiki angavu kama kioo), nikigusa tu unachubuka. Mke wangu anasema rangi inapendeza. Mimi samaki siwaoni!

Kalisiamu, madini ambayo mwani huu hujengea ugumu wake, nimepima ni miligramu 450 kwa lita, na bahari yenyewe ina kama 410. Muuzaji ndiye aliyenishauri niwe naiongeza. Nikiacha na kupunguza saa za taa, utakoma? Au nifuge yule mnyama wa miiba anayechoma watu miguu mwambani? Nasikia anaula, lakini je, akriliki itapona?